Mke Wangu Kwenye Picha za Watu

Kile kifuniko cha sufuria kubwa kilipotea miezi mitano kabla mke wangu hajafa, na mimi nilimlaumu mwenyekiti. Nilikuwa na sababu zangu. Siku hizo mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa amepitisha watu nyumba kwa nyumba kuhesabu vyoo, na mtu anayeingia kwako mpaka chooni atashindwaje kuondoka na kifuniko? Mke wangu alinisikiliza nikilalamika, akafunika sufuria kwa sinia, akasema, "Pole, mzee mwenzangu." Miaka thelathini na moja nimeishi na yule mwanamke, na bado sikujua kwamba akisema pole kwa upole namna ile, kitu anacho yeye.

Mimi ni fundi seremala. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya wakubwa nayaelewa kwa macho, si kwa barua zao. Karakana yangu iko mbele ya nyumba, hatua kama sitini kutoka shule ya msingi ambako mke wangu alikuwa mfagiaji. Katikati ni barabara. Inatoka kwenye kona ya kinu cha unga, inanyooka kama rula mpaka darajani, na dereva akishatoka kwenye ile kona mguu wake unakuwa mzito wenyewe. Muhula mmoja waligongwa watoto wawili. Wa pili alilala na plasta mguuni mpaka mitihani ikampita.

Hapo ndipo mke wangu alipochukua daftari, akaanza kukusanya sahihi ili serikali ilete kamera ya spidi. Alipita nyumba hata nyumba. Mtaa mzima ulitia sahihi, isipokuwa mimi. Nilimwambia kamera haitakuja, na ikija haitafanya kazi, na ikifanya kazi itakuwa ya kutuchungulia sisi. Matuta ya barabara tuliahidiwa miaka sita, na saruji yake wote tunajua ilijenga uzio wa nani. Waliokula matuta watashindwa na kamera? Alifunga daftari taratibu, akaenda kwa jirani.

Kamera ikaja. Nguzo ya kijivu, juu yake kisanduku chenye jicho. Mwenyekiti alikata utepe kwa mkasi mkubwa kama wa kukatia mabati, akahutubia nusu saa kana kwamba kamera ameizaa yeye. Mke wangu alisimama nyuma na fagio lake. Hakuna aliyemtaja. Mimi niliondoka kwa hasira. Soda niliinywa njiani.

Tangu siku hiyo hajagongwa mtoto. Sisemi ni kamera. Nasema hajagongwa.

Miezi minne baadaye mke wangu alishikwa na kichwa mchana. Zahanati walisema kipimo cha presha kimepelekwa kutengenezwa, wakampa vidonge viwili vya maumivu. Akaja nyumbani akajilaza, hakuamka. Kipimo kilirudi baada ya wiki mbili, kimepigwa rangi mpya.

Miezi mitatu ikapita, binti yangu akapiga simu. Ndiye mtoto wetu pekee, ameolewa mbali, na mazikoni alikuja na tumbo kubwa.

"Baba, tumepata wa kike. Nimempa jina la mama."

Nikakohoa kidogo. "Vizuri."

"Sasa nataka picha ya mama niiweke ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Ile nzuri."

"Ipi?"

"Yoyote, ila awe anacheka."

"Ipo," nikasema.

Haikuwepo. Picha za harusi zilinyeshewa kwa sababu ya paa, na paa lilivuja kwa sababu ya mabati, na mabati ya siku hizi ni karatasi kwa sababu wanaopaswa kuyakagua wamelala. Simu yangu ni ya kubonyeza. Iliyobaki ni ya kitambulisho tu, na ile alipigwa baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mtoto mchanga alale chini ya picha ile, si ataota vibaya?

Wiki hiyo hiyo akaja dereva wa gari la gesi kutaka nimtengenezee rafu ya mitungi. Vipimo alikuwa ameviandika nyuma ya karatasi. Nikaigeuza ile karatasi kupangusa vumbi, nikaona picha. Ilikuwa barua ya kamera. Katikati gari la gesi, chini tarehe na saa na spidi, sabini na nane mahali pa hamsini. Pembeni kabisa, mkono wa mtu umeshika kifuniko cha sufuria.

"Hiki kifuniko changu," nikasema.

"Kifuniko gani, mzee?"

"Hiki. Ona kilivyobonyea ukingoni, nilikiangusha mimi. Na hiki kishikio cha mbao nilikitia kwa mkono wangu, skrubu mbili."

Dereva akainamia karatasi, akajikuna shingo. "Huyo si ni mama? Mama wa shule. Ina maana hukujua? Alikipaka rangi nyekundu, alikuwa anavushia watoto asubuhi. Akikiinua, magari yanasimama."

"Wewe hukusimama."

"Mimi nilitaka kuwahi kabla hajakifikisha juu. Wote tulikuwa tunafanya hivyo. Ukiona kifuniko kinaanza kupanda, unakanyaga."

Asubuhi mimi huwa kwenye ghala la mbao, kugombania zisizopinda. Nikarudi nyuma, nikakaa kwenye benchi. Kichwa changu si chepesi, lakini kikishapata njia kinafika. Kamera hupiga picha mtu akipita kasi. Watu walipita kasi pale mke wangu alipoinua kifuniko. Basi kila aliyenaswa asubuhi katika ile miezi minne, mke wangu yumo pembeni yake. Serikali ilikuwa imempiga mke wangu picha nyingi kuliko mimi mume wake.

"Niachie hii."

"Chukua. Ila tajiri wangu asiione."

Nikaibandika ukutani karakana, juu ya randa, kwa vimisumari vinne. Mkono peke yake.

Kesho yake nilivaa shati la mazikoni nikaenda ofisi ya barabara. Dirishani alikuwa binti mmoja karani, kucha ndefu, anabonyeza mashine kwa ncha ya kalamu.

"Shikamoo baba. Namba ya gari?"

"Sina gari. Nina toroli."

Akaacha kubonyeza. "Sasa baba, umekuja kufanya nini?"

"Nataka picha za mke wangu. Kamera yenu imempiga."

"Mke wako ana gari?"

"Alikuwa na fagio."

Akamwangalia mwenzake, mwenzake akaangalia dari. "Baba, picha anapewa mwenye gari aliyekosa. Mke wako alikosa?"

"Hakukosa. Alikuwa amesimama."

"Kama hakukosa, hayumo."

"Yumo. Nimeuona mkono wake."

"Kwenye mfumo hayumo."

"Kwa hiyo katika nchi hii ili mtu awemo lazima akose?"

"Baba, nyuma yako kuna watu."

Ni kweli walikuwepo, wamekunja barua mikononi, wanaangalia ukuta kama watu waliokuja kupima magonjwa ya aibu. Nikawaangalia mmoja mmoja. Hapo nikajua mke wangu yuko wapi. Hayuko ofisini. Yuko kwenye makabati ya watu, chini ya magodoro, ndani ya viatu visivyovaliwa.

Nikaanza mtaani kwangu. Nilidhani ni kazi nyepesi, nagonga, nauliza, napewa. Kumbe mtu atakukubalia kuwa ana madeni, ana minyoo, lakini hatakubali kuwa alipita kasi mbele ya shule iliyoombewa kamera na yeye mwenyewe. Fundi cherehani alisema gari lake halifiki hata arobaini. Muuza dawa alisema siku hiyo liliendeshwa na shemeji yake. Siku ipi, sikuwa nimetaja. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za mjukuu, akaniuliza habari za mbao, akanisindikiza mpaka getini, na nje ndipo nikagundua sijajibiwa.

Kosa lilikuwa la mdomo wangu pia. Kwa muuza nyama nilifika ana wateja watatu na mkewe yupo kwenye mizani. Nilikuwa nimechoka kuzunguka na maneno, nikasema moja kwa moja, "Nasikia una picha za mke wangu."

Wateja wote wakageuka. Mkewe akaweka kisu juu ya gogo, polepole, lakini hakukiachia.

"Picha za nani?" akauliza mkewe.

"Za mke wangu, marehemu. Anazo huyu. Za asubuhi asubuhi."

"Za asubuhi," akasema mkewe. "Asubuhi si unaniambia uko machinjioni?"

"Mama, ngoja," akasema muuza nyama.

"Naongea na fundi. Fundi, amevaa nini kwenye hizo picha?"

"Sijui, bado sijamwona. Kisogo tu kitanitosha."

Sijawahi kuona mtu mnene akikimbia vile. Aliingia nyuma ya pazia, akarudi na boksi la chumvi, akalipindua juu ya meza ya nyama. Barua tatu. "Kasi," akasema huku anahema. "Mama watoto, ni kasi tu, naapa. Themanini na mbili. Themanini. Sabini na tisa. Ona mwenyewe, mimi ni mkimbizaji gari, si kingine."

Wateja wote walisikia. Mkewe alizisoma zote tatu mpaka chini, akarudisha kisu kwenye nyama. Kwa ile furaha yake alinifungia na maini.

Kwenye mojawapo nilipata kisogo, na kitambaa alichofunga kichwani. Kwenye nyingine kiatu na nusu ya gauni. Habari zikaenea kwamba fundi hatafuti aibu ya mtu, anatafuta mke, na asiyetoa ataulizwa mbele ya mkewe. Barua zikaanza kuja zenyewe. Fundi cherehani alipenyeza yake chini ya mlango wa karakana. Muuza dawa alileta ya shemeji. Mwalimu mkuu alikuja na yake ndani ya kitabu cha hesabu, akasema siku hiyo alikuwa anachelewa kuwahimiza watoto wasichelewe.

Nikawa na bega, nikawa na viwiko viwili, nikawa na sikio moja na hereni. Ya mwalimu mkuu ilikuwa na uso, lakini mwanga umeupiga, umekuwa mweupe kama sahani. Kila jioni kabla ya kuzima taa ya karakana namwangalia ukutani. Karibu mwili wote ulikuwepo. Kilichokosekana ni kile tu nilichoombwa.

"Sasa fundi," muuza nyama akaniambia siku moja, amekuja kuangalia barua zake zilivyo ukutani, "mbona kwa mwenyekiti hujaenda?"

"Yule ananaswa na nini? Kamera yake mwenyewe?"

"Ana nne. Nilimkuta posta anazipokea, akazikunja ndani ya gazeti. Mimi ningesemaje wakati na yangu ninayo mkononi?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka kumi na moja namngoja mtu yule ateleze. Vyoo, matuta, bomba lililochimbiwa mtaro likasahauliwa, yote alitoka mkavu. Na Jumamosi ya wiki ile mtaa ulikuwa unachagua kamati, mabango yake yamebandikwa kila ukuta: Kiongozi wa Usalama Barabarani. Nikatia nyundo mfukoni na vimisumari vinne mdomoni, kama ninavyofanya nikienda kazini.

Alinipokea sebuleni, kwenye viti nilivyomtengenezea mimi. Kimoja kinayumba. Sikumwambia dawa yake.

"Mwenyekiti, nimefuata mke wangu."

Hakuuliza maana. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Akaenda mwenyewe kufunga mlango, akafungua droo kwa ufunguo, akatoa barua tatu akaziweka mezani. Ya nne aliishika.

"Fundi, hii ukiitoa nje, mimi basi. Unajua."

"Najua."

"Sasa utanifanyaje?"

"Kwanza nione."

Akanipa. Gari lake mbele, namba inasomeka kama bango la duka, chini tisini na moja mahali pa hamsini, tarehe ni siku ya tisa baada ya utepe. Na ubavuni mwa gari, mguu mmoja bado juu ya ukingo wa barabara, kifuniko usawa wa sikio, uso wote umeelekea kamera, mke wangu anacheka. Si kucheka kwa kupigwa picha. Kucheka kwake kule kwa nyumbani, mwanya wa meno ya mbele uko wazi na macho yamefumba.

Vile vimisumari nikavitema mkononi, maana nilikaribia kuvimeza.

"Alikuja hapa siku ile ile," mwenyekiti akasema, anaangalia dirisha. "Akasema, mwenyekiti, ile picha yako ikija na mimi nimo. Nikamuuliza unacheka nini? Akasema, ule mkasi. Amekumbuka ule mkasi nilivyoushika siku ya utepe, na sasa mimi ndiye nanaswa mara ya nne ndani ya siku tisa, ameshindwa kujizuia."

"Akakutangaza?"

"Ungekuwa umesikia. Alisema tu, ukipita pale tena pita kama umebeba mayai. Tangu siku hiyo napita na gia ya pili. Muulize yeyote." Akanigeukia. "Halafu wewe ndiye unakuja kunimaliza, fundi. Wewe mwenzetu. Sahihi ya kwanza."

"Sahihi gani?"

Akatoa lile daftari kabatini. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, jina langu, na pembeni yake alama ya dole gumba.

"Mkeo alisema umejipiga nyundo, kidole kimevimba, ameweka chake kwa niaba. Tukaona sawa. Kwa nini, kimepona?"

Nililiangalia lile dole. Dogo, na kovu la pasi katikati. Mwaka mzima nilikuwa nikisimama kwa kinyozi nikiwatangazia watu kwamba mimi peke yangu sikutia sahihi ujinga ule, na watu wakicheka. Nilidhani wanacheka pamoja na mimi.

"Kimepona," nikasema. Nikakunja picha yangu ndani ya shati, nikatoka. Hakunizuia. Hakuniomba tena.

Ukuta wa kinyozi uko njiani. Bango la mwenyekiti lilikuwa pale katikati, anatabasamu, na chini yake pamebaki nafasi ya karatasi moja, kama nimewekewa. Kinyozi alikuwa ndani na mashine yake inavuma. Nikatoa nyundo. Nikatoa picha, nikaipima pale chini. Ilikaa vizuri. Kesho saa mbili asubuhi angekuwa amekwisha.

Nikaangalia juu. Ukuta ule hauna hata kipande cha bati. Wingu lilikuwa limekaa upande wa darajani, na kwenye ule ukuta mabango ya mwaka jana yalikuwa yamechuruzika, nyuso za watu zimekuwa uji. Nikaiona tena ile picha ya harusi siku nilipoitoa chini ya paa letu, mimi nimebaki na koti, yeye amebaki shela bila kichwa. Ili nimwanike mwenyekiti ilibidi nimwache mke wangu nje kwenye mvua. Nikarudisha nyundo mfukoni. Kinyozi akatoa kichwa, akauliza, "Fundi, unabandika tangazo?" Nikamwambia napima ukuta.

Nyumbani nilichagua ubao wa mninga niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kabati langu. Nikakata fremu, nikaipiga randa, nikaipiga msasa mara tatu. Juu na ubavuni upana wa vidole viwili. Chini nilitia upana wa kiganja, ukafunika namba ya gari, spidi, tarehe, na yote waliyoandika wao. Kikabaki kipande cha boneti, na mke wangu. Nikaifunga kwa gunia na magazeti, nikaikabidhi kwa basi la kwanza.

Jumamosi mwenyekiti alipita tena. Mkono wa kumkataa ulikuwa mmoja, wangu, na niliuinua mpaka kwapa likauma. Aliniona. Akainamisha kichwa, akaandika.

Jumapili binti yangu akapiga simu.

"Baba, imefika. Baba, mbona hukuniambia ilikuwepo picha kama hii?" Sauti yake ilikuwa imelowa. "Mpaka mwanya unaonekana. Alikuwa anamcheka nani?"

"Serikali."

"Na fremu, mbona chini pana hivi?"

"Mbao ilizidi."

"Fundi mzima mbao inakuzidi." Nikamsikia anapangusa pua. "Na hiki alichoshika ni nini?"

"Kifuniko cha sufuria kubwa."

"Kile ulichosema kimeibwa na watu wa vyoo?"

"Kile kile."

Alicheka sana. Alicheka mpaka mtoto akaamka, nikasikia analia kule, na mama yake anambembeleza huku bado anacheka. "Sasa kiko wapi?"

"Shuleni. Mfagiaji mpya anavushia watoto."

"Si ukakichukue, baba. Ni chako."

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, imefunikwa sinia.

"Kiache huko," nikasema. "Sinia linatosha." Na linatosha kweli, isipokuwa upande mmoja halikai sawa, mvuke wote unatokea hapo. Hilo nawalaumu waliotengeneza sinia.